Panya wa Rafu ya Juu

Kwa mara ya tatu Ngaire Pohatu alipima damu ya panya wa rafu ya juu, na kwa mara ya tatu majibu yakawa yale yale. Kimeng'enya kinachopandisha presha kilikuwa karibu kutoweka. Wa rafu ya chini walikuwa nacho tele, kama ukoo wao wote ulivyozaliwa.

Mara ya kwanza Profesa Strachan, mkuu wa maabara, alisema Ngaire amekosea. Mara ya pili alisema amezeeka. Mara hii alitabasamu, na hapo ndipo Ngaire alipoingiwa na wasiwasi.

"Jeni mpya!" alisema Profesa. "Ijumaa nautangaza ukoo mpya wa panya mkutanoni kule Auckland: Ukoo wa Strachan! Tia saini hapa, chini ya vipimo."

"Lakini Profesa, hawa wote ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Hiyo jeni ilijuaje nani atawekwa juu?"

"Ngaire, mama, wewe pima. Kufikiri niachie mimi. Ikifika saa kumi hujasaini, kesho natafuta mtu mwenye kalamu inayoandika."

Miaka kumi na tisa katika maabara ile ya Dunedin, Ngaire hakuwahi kusaini jambo asilolielewa. Wala hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia.

Profesa akafungua mkebe wake wa biskuti za nazi na oti, ile nafaka wanayolishwa farasi. Mlangoni palikuwa na tangazo la kukataza chakula mle ndani. Alikuwa ameliandika mwenyewe, kwa hiyo halikumhusu. Akamegamega biskuti na kuwapenyezea panya wa juu, kizimba baada ya kizimba, kama kila siku. Wa chini hawakupata kitu. Mgongo wa Profesa haukuwa tayari kumwinamia panya. Hata bila kuinama, uso ulikuwa umemwiva kama nyanya.

"Mke wangu ananiona farasi," alisema. "Oti, oti, oti! Wiki ya sita hii. Afadhali hawa wanazipenda." Akaenda kujitafutia pai ya nyama.

Saa tisa na nusu Elspeth, mkewe, akapita kuchukua mkebe. Alimkuta Ngaire ameketi mbele ya daftari, kalamu mkononi.

"Mtupu tena!" Elspeth aliutikisa kwa furaha. "Niambie kweli, dada, zinaliwa?"

"Zinaliwa," alijibu Ngaire, ambaye kusema uongo hakukuwa kazi yake. "Hadi chembe ya mwisho."

Elspeth akachungulia ukumbini, akashusha sauti.

"Basi usinichome. Daktari alimwandikia mume wangu vidonge vya kushusha presha, akavikataa, eti damu ya kina Strachan haihitaji dawa. Mimi navisaga, nachanganya kwenye unga. Wiki sita sasa, wala hajashtuka!"

Ngaire akainua macho kwenye rafu ya juu, kisha akaifunika kalamu yake.