Unga wa Nyumba ya Nyamizi

Nyumba ambayo ulaji wake haukurudi kwenye wastani wake wa awali baada ya msiba ilisemwa ina mzizi wa uchawi, na aliyebaki alihamishwa. Nyamizi, mjane wa miezi kumi, alikuwa ameshafunga mizigo karani wa mtaa alipofika na namba ambazo pipa lake la unga, lenye kipimo ndani, lilizituma ofisini kila siku.

“Fungua mizigo, mama. Humu hamna mzizi. Unga ulishuka alipofariki mzee, kisha ukapanda taratibu hadi palepale.”

“Umepima vizuri, mwanangu? Mimi napika wa mtu mmoja.”

“Nimerudia mara tatu. Namba zinasema mnakula wawili kama zamani, na kanuni inataka hivyo tu. Hongera, utabaki kwako.”

Karani alipoondoka, Nyamizi alikwenda hadi mlango wa jikoni.

“Luhende,” alimwita mumewe kwa upole, “mbona hukuniambia una njaa?”