Mtego wa Sengi

Alitarajia kumkuta sengi mtegoni. Akamkuta ndege, tena amekufa.

Mtegaji alimgeuza kiganjani. Kidevu cheupe, mkia wa rangi ya kutu. Huyu ndiye kurumbiza aliyekuwa akitafutwa na idara nzima. Na kama jana jioni angeizungukia mitego badala ya kukimbilia kutazama mpira, angemkuta hai.

Alimviringisha kwenye soksi, akarudi makumbusho kichwa chini.

Shangazi yake, mkuu wa idara, alikuwa na wageni kutoka wizarani. Ndiye aliyemtafutia kazi wakati ukoo mzima umeshamkatia tamaa.

"Sengi ni mamalia," alikuwa akiwaeleza. "Msione ule mkia mkadhani ni panya, kwa ukoo yuko karibu zaidi na tembo. Ila yuko tele, hata misitu mingine yupo. Kurumbiza huyu ni ndege mwimbaji, na hapatikani pengine popote ila msitu huu."

"Sasa yupo au hayupo?" mgeni mmoja akauliza. "Akiwepo, msitu haukatwi. Asipokuwepo, mashine zinaingia wiki ijayo."

Shangazi akamwona mtegaji mlangoni. "Huyu hapa mtegaji wetu. Mwanangu, leo umepata nini?"

Ilibaki aseme tu: yupo, nimemuua mimi. Wakubwa wote walimgeukia. Akajiona mzembe yule yule wa siku zote, anamwaibisha shangazi mbele za watu.

"Hamna kitu, shangazi."

Shangazi akashusha pumzi. "Mmesikia wenyewe. Hata unyoya hatujaona. Andikeni ametoweka."

Mtegaji alipita hadi chumba cha nyuma, penye friza ya kuhifadhia sengi waliokufa. Aibu ilimchoma mpaka machozi yakamlengalenga. Msitu mzima, kwa sababu ya mpira! Akafukua vifurushi vya juu, akafukua vya kati, apate pa kumficha ndege wake chini kabisa, mkono wa mtu usipofika.

Huko chini aligusa glavu ya fundi wa kukausha ngozi, imefungwa fundo. Akaifungua. Kidevu cheupe, mkia wa rangi ya kutu.

Pembeni, ndani ya gazeti la dereva wa idara, kulikuwa na mwingine. Na chini yao alilala wa kwanza kabisa, ameganda kwenye barafu ya zamani, amefungwa kwa kilemba ambacho mtegaji mwenyewe alimnunulia shangazi kwa mshahara wake wa kwanza.