Katoni Zisizovuja

Elkana, mwenye kiwanda, alimwaga jagi zima la maji ndani ya katoni, akaiinua juu ya kichwa chake mbele ya wafanyakazi wote.

"Ikivuja, nyar Kisegi, binti wa Kisegi wewe, leo utalala seli."

Truphena aliendelea kupangusa rola za mashine.

Haikuvuja. Elkana aliipapasa kwa chini akitafuta unyevu, akakuta karatasi kavu. Kila mtu pale Homa Bay alijua kwa nini ana wasiwasi. Huwezi kumtukana mwanamke miaka minne, halafu umkabidhi mzigo wako wa kwanza wa ng'ambo, ukalala usingizi. Lakini hakuna mwingine aliyeijua kazi hiyo. Chrispine, mume wa Truphena, ndiye aliyemfundisha: kuondoa wino kwenye mashine ya kuchapa, kutia vanishi ya kuzuia maji, kisha kuiacha iichape karatasi ya kaki kama inavyochapa gazeti. Pale mpira wa rola unapogusa, vanishi inashika. Haina rangi. Ikikauka huioni.

Mwaka wa tisini na mbili Chrispine alisimama akadai glavu na madirisha kwa ajili ya wenzake. Wiki hiyohiyo akapotea. Elkana alitangaza kwamba ametorokea Tanzania na mwanamke wa baa. Alisema hivyo kanisani, akasema kwa chifu, na polisi wakaandika hivyohivyo. Tangu siku hiyo, kule nyumbani Rangwe, watoto wa Truphena huitwa watoto wa mtoro.

"Mumeo angekuona leo!" Elkana alicheka. "Ama huko Musoma ameshapata mwingine wa kumfundisha?"

Wengine wakacheka ili waonekane wamecheka.

"Habari zitamfikia kila mtu, mkubwa," Truphena alisema. "Hizi katoni zinaenda mbali."

Mwezi uliopita Onsongo, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda, alimwita kando sokoni Rangwe, akamnong'oneza maneno machache, akalia kama mtoto. Siku iliyofuata Truphena aliomba akate mwenyewe mpira wa kupakia vanishi upande wa nje. Elkana alikubali bila kuinua macho. Upande wa nje ulimhusu nini? Samaki hukaa ndani.

Hayo ni mawazo ya mtu ambaye hajawahi kubeba samaki. Truphena alikulia Kisegi, kwa mama muuza samaki. Alijua kwamba mizigo ikipangwa, barafu ya juu huilowesha ya chini kwa nje.

"Lakini mpira umeukata vizuri?" Milka, mwenzake wa mashineni, alimuuliza chinichini. "Katoni zikiraruka, huyu mtu atakumaliza."

"Hazitararuka."

"Aa! Kumbe umemsamehe?"

"Nimeukata vizuri, Milka."

Ijumaa katoni mia tatu zilipangwa gatini, sangara ndani, barafu iliyopondwa juu. Walikuwepo mnunuzi kutoka Ubelgiji, mkuu wa polisi, na nusu ya mji. Elkana alishika kipaza sauti kama mtu anayeomba kura.

"Kuna watu walisema karatasi itayeyuka! Wako wapi? Sogeeni karibu, muone wenyewe!"

Wakasogea. Jua lilikuwa kali. Barafu ilianza kuyeyuka, maji yakateremka kutoka katoni hadi katoni mpaka yakalowesha sakafu ya gati. Hakuna katoni iliyoraruka. Hakuna tone lililopenya kwenda kwa samaki. Watu wakapiga makofi, kisha makofi yakakatika, kuanzia mstari wa mbele alikosimama mkuu wa polisi.

Ubavuni mwa kila katoni, mahali ambapo mpira uliokatwa haukuweka vanishi, kaki ilikuwa imekunywa maji, na herufi za kahawia zilizidi kukolea: CHRISPINE HAKUTOROKA. CHIMBENI SAKAFU YA STOO YA ELKANA.