Bendera Nyekundu Kivukoni

Mama mmoja aligoma kuvuka.

Wageni wenzake, wazazi na watoto wao waliokuja kukitazama chuo kabla ya kujiandikisha, walikuwa wameshafika ukingoni mwa barabara. Yeye alibaki langoni, ameushika mkono wa binti yake kama mtu aliyeshika taa penye upepo.

Kasuku akajua leo kazi ipo. Kasuku ndilo jina walinzi walilompa msichana wa mapokezi aliyewatembeza wageni, kwa kuwa maneno yake hayakubadilika mwaka hadi mwaka. "Kasuku, leo umeanza na duka la viatu au maktaba?" walimtania. Naye huwajibu, "Nyie fungueni lango, mdomo niachieni mimi."

Alikuwa ameanza na duka la viatu. Chuo hiki, aliwaambia wageni, kilizaliwa katika vyumba viwili vya kupanga juu ya duka la viatu: mwalimu mmoja, na makarani waliotoka kazini na njaa zao wakaja kusoma uhasibu. Hakikuwa na serikali ya kukibeba. Kilipopata nguvu kikanunua ghala kuukuu, kikaligeuza madarasa. Baadaye kikapata kiwanja, lakini ng'ambo ya barabara kuu. Ndiyo maana maktaba na mabweni viko upande ule. "Mjini huchagui kiwanja, kiwanja ndicho kinachokuchagua," alisema, na wageni wakacheka.

Yule mama hakucheka.

"Karibu, mama, twende ukaione maktaba yetu," Kasuku alimwambia sasa.

"Naiona kutoka hapa."

"Mama, jamani," binti akanong'ona. "Si uliniahidi?"

"Niliahidi kuja. Sikuahidi kukuacha." Akamgeukia Kasuku. "Vyuo vingine vyote amevikataa. Anakitaka hiki tu. Basi niambie, mwanangu, huyu mtoto ataivukaje barabara hii kila siku? Ukinijibu nikaridhika, namwandikisha. Usiponijibu, tunarudi nyumbani sasa hivi."

Jibu Kasuku alikuwa nalo. Katika maneno yake yote, hayo ndiyo pekee aliyoyasema kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Zamani tulimpoteza mwanafunzi hapa," alisema, akishusha sauti. "Binti, ndiyo kwanza ameanza masomo. Maktaba ilikuwa inajengwa. Lori la mchanga likaja kasi, likamkuta katikati ya barabara. Dereva akafungwa. Tangu siku ile, mama, hapa havuki mtu peke yake. Profesa akifika ukingoni humngoja mfagizi, mfagizi humngoja mwanafunzi, wakavuka pamoja. Na mgeni hawi wa hapa mpaka Baba amvushe kwa mkono wake."

"Baba gani?"

"Mzazi wa yule marehemu. Yule pale."

Alimwonyesha mzee mwembamba mwenye kofia, amesimama kwenye mistari myeupe na bendera nyekundu mkononi. Hakuna aliyemwajiri. Alitokea tu asubuhi moja, miaka kadhaa baada ya msiba, na kitambaa alichokifunga kwenye fimbo, akaanza kusimamisha magari. Mlinzi mmoja akasema huyu bila shaka ni baba wa yule binti, uchungu wa mwana umemleta. Neno likazunguka chuo kizima. Mzee hakulikubali wala hakulikana. Akiitwa Baba, aliinamisha kichwa.

Na masikio yake! Gari likiwa bado kwenye kona, yeye ameshalisoma. "Rudini nyuma, breki za hilo zimechoka," husema, na hakukosea hata siku moja.

Kasuku alimpenda mzee huyo. Siku moja alimpelekea chai, akamuuliza, "Baba, alikuwa mtoto wa namna gani?"

Mzee aliigeukia barabara. "Alivaa viatu vyeupe," alisema. "Alikuwa anacheka na mwenzake."

Kasuku akangoja mengine, labda chakula alichokipenda, au jina walilomtania nyumbani. Hayakuja. Mzee alijifunika uso kwa ile bendera, na msichana akajilaumu kwa kumtonesha kidonda.

"Mzazi wa marehemu," yule mama alirudia sasa.

Kisha akaanza kutembea. Wageni walimpisha, na Kasuku akashusha pumzi: jibu lake lilikuwa limefanya kazi.

Mzee alikuwa amekwisha kuinua bendera na magari yamesimama. Alipomwona yule mama, mkono ulishuka wenyewe. Akamtazama binti usoni, akayumba, kama mtu aliyeonyeshwa sura ambayo huiona kila akifumba macho. Nyuma yake honi zikaanza kulia.

"Baba, huyu mgeni wetu anaogopa kumwacha mtoto," Kasuku alisema, akitabasamu. "Mtoe hofu. Wewe uchungu wa mwana unaujua."

Mama alimtazama mzee kuanzia kofia hadi viatu, akarudi kwenye macho, akatulia hapo.

"Baba wa mwanangu nilimzika kabla ya mwanangu," alisema.

Akaulegeza mkono wa binti kidole kwa kidole, akauweka ndani ya kiganja cha mzee.

"Nimebakiwa na huyu tu, dereva. Mvushe."