Mpanda Farasi Aliyeanguka

"Ni Constantius, mi nakwambia…"

"Constans, dada, ona sura yake…"

"Nione nini, na ushaisugua na ndimu mpaka maandishi yamefutika? Khaa, Placide. Shaba ya Warumi, ina miaka elfu na mia saba, unaing'arisha kama sufuria?"

Kwenye chumba cha ghorofani, mtaa wa Doornfontein, Bushra na Placide walikuwa wanagombania sarafu moja. Juu yake kumechorwa askari anamchoma mkuki mpanda farasi aliyeanguka. Mnunuzi yuko njiani, na bila jina la mfalme hanunui.

Chini ya meza alilala Gradi, aliyekamatwa akiwaibia, mikono imefungwa kwa waya wa pasi. Jino lake moja lilikuwa kwenye zulia. Bastola ilikuwa mezani katikati ya sarafu, na mkono wa shati la Placide ulikuwa umelowa damu.

"Constantius," Gradi alisema kwa taabu.

Placide akamtia teke la mbavu. "Nani kakuuliza, we?"

Geti la nje likagongwa. Watu wengi, na vyuma.

"Fungueni. Tunajua yuko humo."

Gradi akakiziba kikohozi chake begani.

"Eish," Placide alisema, akaokota bastola.

"Wakiingia hao, hakibaki kitu humu," Bushra alisema. Akamwinamia Gradi. "Umejuaje?"

"Huyo anayechomwa. Karibu zote za namna hiyo ni za Constantius. Constans mtafute kwenye zile zenye picha ya meli." Akameza damu. "Na msisugue tena. Ule ukijani ndio wanunuzi wanautaka."

Placide akamshindilia kitako cha bastola usoni. Damu ikaruka mpaka kwenye trei ya sarafu.

"Muache." Bushra akachukua sarafu nyingine, imefubaa, akaishusha mbele ya jicho la Gradi lililobaki wazi. "Na hii?"

"Mbwa mwitu jike ananyonyesha watoto wawili. Ya wakati wa Constantine, baba yao Constantius na Constans."

"Anabahatisha tu, dada."

"Wewe mwezi mzima hujawahi hata kubahatisha."

Geti likang'oka. Vishindo vikapanda ngazi, vikasimama mlangoni, na harufu ya petroli ikaingia kwa chini.

"Da Bushra, tutolee huyo mwizi aliyewavamia. Tairi tunalo."

Gradi akafumba lile jicho. Placide akamkamata ukosi, akaanza kumburuta. Bushra akamtangulia, akafungua mlango kidogo, akatoa uso tu.

"Mwizi katoroka. Kashuka na bomba la maji, kaelekea stesheni," alisema. "Ila jamani, naombeni mtu mmoja anikimbilie barafu. Fundi wangu wa sarafu kaumizwa vibaya."