Fundi wa Wapenda Cherehani

"Mwambie ni bwege," alisema Fundi Melkiori, miguu juu ya stuli, kikombe cha chai mkononi. "Uzi ukivurugika chini ya kitambaa, shida ni bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Akaze skrubu ya bobini. Na kama hajui bobini ni nini, cherehani aiuze, anunue kuku."

Mkewe, Benedikta, ndiye aliyeshika simu. Aliandika. Akaandika tena.

"Mbona maneno yangu machache unayageuza barua ya posa?"

"Naweka nukta, Baba Pius."

Ndivyo walivyofanya tangu Melkiori aingie kwenye kundi la WhatsApp la wapenda cherehani za zamani. Vidole vyake vilikuwa vinene, akigusa herufi moja zinatokea tatu, na miwani yake ilikanyagwa tangu Pasaka. Ujumbe wa sauti ulipigwa marufuku, maana wanachama wengi walikuwa maofisini. Basi yeye alisema, Benedikta akaandika, na majibu yakija alimsomea.

"Wanasemaje?"

"Wanashukuru."

"Wananiogopa hao," alisema Melkiori, akajisikia vizuri kupita kiasi.

Duka lao la kutengeneza cherehani, la mlango mmoja pale Mchafukoge, jirani na Kariakoo, waliachiwa na baba yake Benedikta. Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Melkiori aliipokea mashine, akaifungua, akaitukana, akaifunga. Kisha ilikwenda nyuma ya pazia, Benedikta aipanguse vumbi na kuitia oili. Mama huyo alikuwa na mkono mzito ajabu: cherehani moja ilimchukua saa mbili kuipangusa. Melkiori aliwachekesha wateja kwa hilo kila siku.

Wiki hiyo msimamizi wa kundi, bwana aitwaye Elibariki, alitoa onyo. Fundi mmoja wa Buguruni alikuwa amemwita mwanachama kilaza, akatolewa saa ileile. Anayemdharau asiyejua, Elibariki aliandika, humu hana nafasi.

Benedikta alilisoma onyo lote kwa sauti. Melkiori akaweka kikombe chini. Alianza kuhesabu: bwege, mbumbumbu, kichwa maji, na ile siku alipomwambia mhasibu mmoja akashonwe yeye. Kariakoo mafundi wamejaa kila kona, na ni kundi lile la watu mia mbili lililomfanya awe Fundi Melkiori mwenyewe. Wakimtoa, atabaki mzee mmoja mwenye bisibisi. Wazo hilo lilimuumiza kweli.

"Halafu yule dada wa uzi uliovurugika," Benedikta aliendelea, "anakuja Jumamosi. Anaitwa Zarna. Anasema ana neno na wewe, uso kwa uso."

Jumamosi Melkiori alivaa shati lililopigwa pasi. Asubuhi nzima alifanya mazoezi ya kuomba radhi, na kila akijaribu ilitoka kama anamdai mtu.

Zarna alikuwa daktari wa meno, kijana, mchangamfu. Alikuja na cherehani ya bibi yake, ameifunga kwa kanga kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa, kuhusu yale maneno yangu..."

"Ndiyo yaliyonileta!" Zarna alitoa simu, akasoma: "'Usijilaumu, dada yangu. Hata sisi wa kazi hii tulianzia hapohapo.' Fundi, mimi nilikuwa nataka kuitupa. Maneno yako ndiyo yaliyonizuia. Kwenye kundi tunasema hakuna mtu mpole kama wewe."

Melkiori aligeuka, akatazama pazia. Nyuma yake kupangusa kulikuwa kumesimama.

Akaelewa. Kumbe matusi yake yote yaliishia kwenye kidole cha mkewe! Aliona aibu, akajicheka kimoyomoyo, bwege mkubwa ni yeye. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na aibu muda mrefu. Ulimi umesafishwa, sawa, ila ujuzi si wake? Akatunisha kifua.

"Upole ndiyo desturi yangu," alisema, na uso haukumtetemeka. "Na bobini, uliikaza?"

"Bobini?" Zarna alicheka. "Unanijaribu, fundi! Hao wengine wote ndio waliosema bobini. Wewe peke yako uliandika nisiiguse kabisa. Ukasema uzi ukivurugika chini, kosa liko juu. Ninyanyue kwanza mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ndipo nipitishe uzi upya. Nilikuwa naupitisha mguu ukiwa chini, kwa hiyo uzi hauingii kwenye visahani vya juu vinavyoubana. Tazama!"

Akaifungua mashine juu ya kaunta, akashona kipande cha kitambaa. Mshono ulinyooka, juu na chini.

Zarna alipoondoka, Melkiori alibaki ameshika kile kitambaa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akikaza skrubu za bobini. Alisimama taratibu, akafungua pazia. Benedikta alikuwa ameinamia cherehani iliyofumuliwa yote, vipande vimepangwa kwa mstari juu ya gazeti.

"Mama Pius," alisema. "Mashine zangu zote hizi..."

Benedikta alisogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa.

"Ile ya mteja wetu Mwalimu Mgeni sikuirudia hata kidogo," alimjibu kwa upole. "Kwa mtu anayejifunza, ulijitahidi sana."