Upanga wa Malaika

Watu wote waliokuwa kwenye banda la gemu walikuwa wamesimama nyuma ya Sikudhani. Kwenye kioo, malaika aliyemwongoza tangu mwanzo wa mchezo alikuwa amesimama mbele ya daraja, amenyoosha mkono, akiomba apewe upanga. Mjini hapo hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kufika darajani, lakini wote walijua yatakayofuata.

“Usimpe, dada,” alisema Mwinjuma, mwenye banda. “Huyo atageuka shetani. Hebu tazama kivuli chake, hakina mabawa.”

“Mkate kichwa kabla hajakuwahi,” mwingine akadakia. “Ukikosea, miezi mitatu yote umecheza bure.”

“Nani kati yenu amemwona akigeuka?” Sikudhani aliuliza, padi ya kuchezea gemu mkononi.

“Mambo haya yanajulikana,” alisema Mwinjuma.

“Hata mimi nilipotoka jela mlisema yanajulikana, kwamba nitawaibia. Leo ufunguo wa banda hili uko shingoni mwa nani?”

Mwinjuma aliutazama ufunguo uliokuwa ukining’inia kwenye uzi mwekundu shingoni mwa Sikudhani, akainamisha kichwa.

Sikudhani akabonyeza. Malaika akaupokea upanga kwa mikono miwili, kisha akaanza kugeuka, taratibu, kuwaelekea. Watu wakarudi nyuma hadi migongo yao ikagusa mabati.

Sikudhani akaiweka padi mezani, akakivuta kiti chake karibu zaidi na kioo.